Toba ya Jirani Yetu

Mama yangu alitengwa kwenye Meza ya Bwana kwa kosa moja tu: alimwuliza mzee wa kanisa swali mbele ya watu. Nimesikia habari hiyo ikisimuliwa kwetu Kiminini na watu ambao hata hawakuwepo, na kila mara wanaisimulia vibaya. Ati mama alimtukana mzee. Ati alikataa kusamehe. Uongo mtupu! Mimi nilikuwepo, nimekaa benchi la tatu karibu na dirisha, na nilisikia kila neno.

Lakini mambo yenyewe yalianza na trekta.

Baba alifariki mwaka uliofuata ile njaa ya mahindi ya manjano ya msaada. Ilikuwa mwezi wa pili, wakati ambapo kila mkulima wa pande za Kitale anakimbizana na trekta kabla mvua haijashuka. Mwenye trekta hakubali kuja kwa sababu ya ekari mbili tatu, kwa hiyo majirani huungana, wakalimiwa siku moja. Baba na jirani yetu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, walikuwa wakiungana hivyo kila mwaka. Shamba letu na lake yalitenganishwa na ukanda wa nyasi usiolimwa, upana wa hatua mbili hivi, na mwisho wa ukanda huo, upande wa barabara, kulikuwa na jiwe la saruji lenye chuma katikati, lililowekwa na wapima ardhi. Siku ya trekta kila mwenye shamba husimama kwenye mpaka wake, fimbo mkononi, mpaka dereva amalize. Dereva hana habari na mipaka ya watu. Analima pale anapoonyeshwa.

Mwaka huo trekta ilikuja siku ya tano baada ya mazishi. Mama alikuwa ndani, katika matanga, na mjane kwetu hatoki kwenda shambani kabla siku hizo hazijaisha. Mzee akaja mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Shemeji, wewe kaa. Nitasimama kwa niaba yetu sote wawili." Mama alimshukuru sana. Alilia hata, kwa jinsi alivyoona bado kuna watu.

Alipotoka matanga, ukanda wa nyasi haukuwepo. Jiwe halikuwepo. Palikuwa na udongo mweusi uliopinduliwa, sawasawa kila upande, na mtaro wa mwisho wa mzee ulikuwa umesogea upande wetu hatua kumi na mbili. Baba tulikuwa tumemzika kando ya nyumba, upande huo wa mpaka, na kati ya kaburi na nyasi palikuwa na uwanja wa kutosha kuanikia mahindi. Sasa mtaro ulipita miguuni pake. Mvua iliponyesha mzee akapanda, na mahindi yake yakaota pale pale, mstari wa kwanza ukikanyaga ukingo wa kaburi.

Mama alimwendea. Mzee akamwambia ni dereva aliyekosea, na kwamba watarekebisha msimu ujao. Msimu ujao akasema trekta imeshindwa kugeuka. Wa tatu akapanda tu. Mama alikwenda kwa chifu mara mbili akaambiwa alete karatasi, na karatasi alizokuwa nazo baba hazikuonyesha jiwe lilikuwa wapi hasa. Wakati huo wote mzee alikuwa akibeba sinia ya vikombe vya Meza ya Bwana kila mwezi, na mama alikuwa akipokea kikombe mkononi mwake. Mimi nilikuwa nasoma sekondari ya bweni Bungoma, na nikija likizo naona yale mahindi, damu inanichemka. Nikimwambia mama, anasema, "Nyamaza. Mungu anaona." Nilikuwa nachukia sana jibu hilo.

Halafu likizo ya mwezi wa nane, nikiwa kidato cha pili, wakaja wahubiri wa mkutano wa uamsho, na mzee wetu akaokoka. Nasema akaokoka, ingawa alikuwa mzee wa kanisa miaka kumi na minane, kwa sababu hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe Jumapili iliyofuata. Alisimama mbele, akitetemeka kweli kweli, machozi yanamtiririka hadi kwenye kola ya shati.

"Bwana asifiwe," akasema. "Wapendwa, mimi ni mwizi. Nilisogeza mpaka wa mjane. Trekta ilipokuja nilimwonyesha dereva pasipo pake, na mjane akiwa matanga."

Kanisa zima likaguna. Akaendelea kwamba alikuwa amekata tamaa mpaka aliposikia wahubiri wakieleza habari za yule mfalme aliyeua jitu kwa kombeo. Huyo mfalme, akasema, alichukua mke wa askari wake, kisha akamwua askari mwenyewe, na bado Mungu akamsamehe na akampenda kuliko wafalme wote. "Kama huyo alisamehewa, mimi ni nani nisisamehewe?"

Haleluya zilizopigwa hapo, we! Akina mama walitoka kwenye viti wakicheza, pambio likaanza, mchungaji akamkumbatia mzee. Kisha mchungaji akanyoosha mkono kumwita mama yangu aje mbele atoe mkono wa msamaha. Mama akainuka. Nakumbuka alitengeneza kitambaa chake cha kichwa kwanza, bila haraka. Akatembea hadi mbele, akasimama mbele ya mzee, na mzee akanyoosha mkono. Mama hakuushika. Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwuliza mtu saa:

"Unanirudishia lini?"

Pambio lilikatika. Mzee akamtazama mchungaji. Mchungaji akacheka kidogo, akasema, "Mama, mambo ya udongo tuyawache. Leo mbinguni kuna sherehe."

"Mimi siko mbinguni, mchungaji. Niko Kiminini. Nauliza lini."

Mchungaji akafungua kitabu cha nyimbo. Mama akageuka, akarudi kukaa. Kusema ukweli niliona aibu nikatamani sakafu ipasuke. Nilikuwa na miaka kumi na sita na wasichana wa kwaya walikuwa wananitazama. Tukienda nyumbani nikamwambia, "Mama, si ungempa tu mkono? Mkono si kitu."

Alisimama njiani. "Ati nini? Mkono si kitu?" Akanitazama mpaka nikaangalia chini. "Basi wewe unayejua kusoma, kesho utanisomea habari za huyo mfalme. Zote. Usiruke hata mstari."

Mama hakuwahi kwenda shule. Biblia aliijua kwa kusikia, vipande vipande, vile wahubiri walivyopenda kuikata. Siku tatu mfululizo, mchana, tulikaa uani tukichambua maharagwe na mimi nikasoma. Nilisoma mfalme alivyopanda juu ya dari akamwona mwanamke anaoga. Nilisoma askari alivyokataa kwenda kulala kwake kwa sababu wenzake wako vitani, na mfalme alivyompa barua ya kifo chake mwenyewe aipeleke kwa mkono wake. Hapo mama aliacha maharagwe. "Mkono wake mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo, mkono wake mwenyewe. Akatema mate pembeni.

Nikafika pale nabii anapokuja na hadithi ya maskini mwenye mwanakondoo mmoja na tajiri aliyemnyang'anya. Mfalme anakasirika, anasema mtu huyo ni wa kufa, na yule mwanakondoo atamrudisha mara nne.

"Wacha hapo. Rudia."

Nikarudia.

"Mara nne! Nani amesema? Nabii?"

"Mfalme mwenyewe, mama. Kabla hajajua anajihukumu."

"Mhubiri hakusoma hiyo," akasema. Nilimwona anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Lakini tabasamu halikukaa. Nilipofika pale mtoto wa mfalme anaugua na kufa kwa ajili ya dhambi ya baba yake, mama aliniuliza mtoto alikosa nini. Nikatafuta pale nabii mwingine anapofundisha kwamba mwana hatachukua uovu wa baba, nikamsomea. Akasikiliza yote mawili. "Hayo hayaelewani," akasema. "Huku mtoto anakufa, huku ati kila mtu na dhambi yake. Mimi hapo sielewi na sitajifanya naelewa. Nitamwuliza mwenyewe nikifika." Kisha akauliza jambo lingine. "Na huyo mwanamke? Alichukuliwa, mume akauawa, mtoto akafa. Mfalme alipotubu, kuna mtu alimwuliza yeye kama amesamehe?"

Nikapekua. Nikasoma zaburi ya toba, ambamo mfalme anasema amemkosea Mungu peke yake. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele. Hakuna.

"Tafuta tena."

"Mama, hakuna."

"Haya," akasema. "Mimi nitaulizwa."

Miaka ya tisini nilifundisha somo la dini katika shule moja Bungoma, na muhtasari ulitaka wanafunzi wataje mafunzo ya toba ya mfalme huyo. Niliwafundisha yaliyotakiwa ili wapite mtihani. Halafu nilikuwa nafunga kitabu cha mwalimu na kuwauliza swali la mama. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia ninawachanganya watoto. Nikamwambia kilichowachanganya kimo ndani ya Biblia yenyewe, mimi nimekionyesha kwa kidole tu. Hakunipenda, na mimi sikuacha.

Tulipomaliza kusoma, mama alivaa viatu, tukaenda kwa mzee. Tulimkuta na mkewe uani. Mkewe alikuwa mama mpole, mwenye mgongo mbovu, aliyezoea kunyamaza. Mama aliniambia nisome ile sehemu ya mara nne, nikasoma. Mzee akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema, "Shemeji, nimekusikia. Lakini hata nikitaka, mpaka wenyewe sikumbuki ulikuwa wapi. Mungu amefuta, na mimi nimesahau."

Nilitaka kumrushia Biblia, naapa. Mama alisema tu, "Umesahau. Sawa." Tukaondoka.

Wiki hiyo mchungaji alikuja nyumbani na wazee wawili. Alikuwa mtu mwema, sitamsingizia, lakini alipenda kanisa tulivu. Akasema ndugu ametubu mbele ya umati na mama ameshupaza moyo, na kwamba Bwana alifundisha tusamehe saba mara sabini. Akasema imeandikwa pia ukileta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka una ugomvi na ndugu yako, iache, uende ukapatane kwanza. Kwa hiyo mama asije Mezani mpaka atakapopatana.

Mama akanigeukia. "Isome hiyo."

Nikaisoma, na nilipokuwa nasoma sauti yangu ikaanza kupanda, maana nilikuwa nimeona. Haisemi ukikumbuka unamdai ndugu yako. Inasema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako.

"Mwenye neno ni mimi," mama akasema. "Sasa wa kuacha sadaka ni nani, mchungaji? Mimi au yeye?"

Mchungaji akafunga mkoba wake. "Mama, Neno si la kubishania."

"Sibishani. Nimesomewa."

Wakamtenga. Jumapili ya kwanza ya mwezi sinia ilimpita, na aliyekuwa akiibeba ni yeye mzee, sasa akiwa ameokoka na mwenye furaha. Chama cha akina mama kikamwondolea kazi ya kupanga maua. Rafiki zake wakaacha kupita kwetu. Mama hakukosa kanisa hata siku moja. Alikaa benchi lile lile, mgongo wima, na sinia ikipita alitazama mbele.

Kabla likizo haijaisha aliamua kumtafuta dereva wa trekta. Tulisikia ameacha udereva, amerudi kwao pande za Malakisi kulima tumbaku. Tulimpata mchana wa pili, anatundika majani kwenye banda la kukaushia, mikono imekuwa nyeusi kwa utomvu. Alipotusikia alianza kujitetea kabla hata hatujamlaumu. "Mimi nilionyeshwa tu, mama. Mimi ni mtu wa kulima, si mtu wa mpaka. Lakini lile jiwe nalikumbuka, lilinivunjia jembe moja la plau! Mwenye trekta alinikata mshahara mwezi mzima. Utasahauje kitu kama hicho?" Mama alimwomba aje aonyeshe mahali. Akasema tumbaku haimwachi, lakini akimaliza kukausha atakuja. Nilidhani anatufukuza kwa maneno tu. Mama alimwacha na kuku mmoja wa kumkumbusha.

Alikuja mwezi wa kumi na mbili, mahindi yakiwa yameshavunwa na mabua yamelundikwa. Mama alimwita mchungaji, akawaita wale wazee wawili, akamwita mzee na mkewe. Dereva alisimama barabarani, akatazama karavati la kupitishia maji chini ya barabara, akatazama mlima, akahesabu hatua akiongea peke yake kama vile anaendesha. Akasimama ndani ya shamba la mzee, karibu na barabara. "Hapa." Nikachukua jembe nikachimba. Kwenye kina cha mkono nikagonga vipande vya saruji.

"Na jiwe lenyewe tulilibiringisha hadi kwako, mzee," dereva akasema. "Si ulisema lina kazi?"

Mke wa mzee akashika mdomo. "Lile la chuma? Si ndilo ninalofulia nguo?" Akamtazama mumewe. Karibu miaka mitatu alikuwa akifua juu yake. "Uliniambia umelinunua kwa fundi!"

Mama huyo mwenye mgongo mbovu akageuka, akaenda uani kwake, na tukamwona analisukuma lile jiwe kwa mikono miwili, analibiringisha juu ya mabua, anahema, na dereva alipotaka kumsaidia akamwambia, "Niache." Alilisukuma mpaka kwenye shimo. Kisha akakaa chini kwenye udongo na kulia.

Hapo ndipo mzee alivua kofia. Hakulia safari hii. "Ni hapo," akasema. "Nilijua ni hapo."

"Mara nne!" nikasema mimi, maana nilikuwa nimeingoja siku hiyo.

"Nyamaza wewe," mama akaniambia. "Sitaki cha mtu. Nataka changu." Akamwambia mzee, "Sasa niulize."

Mzee hakuelewa mara moja. Alipoelewa, ilimchukua muda. "Shemeji," akasema, "utanisamehe?"

"Nitakusamehe," mama akasema, akampa mkono juu ya lile shimo.

Mngedhani yameisha. Mchungaji akaja mwezi wa kwanza, akamwambia mama vizuri tu kwamba sasa amebaki yeye. Asimame mbele ya kanisa atubu ugumu wa moyo, maana alisumbua ibada na washirika walikwazika, kisha atarudishwa Mezani. Mama akamwuliza atubu dhambi gani, aitaje, yeye ataitubu. Mchungaji hakuitaja. Mama hakusimama. Mwezi wa pili sinia ikampita, na wa tatu pia.

Pasaka nilikuwa nyumbani. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Mzee alikuwa na sinia, akitoka mbele kuja nyuma, benchi kwa benchi, na alipofika letu akasimama mbele ya mama. Hakupita kwenda kwa mwingine. Alisimama tu, sinia ameishika kwa mikono miwili, vikombe vinagongana kidogo.

Mchungaji akakohoa. Mzee hakusogea. Kwaya ikamaliza wimbo, ikaangaliana, ikauanza upya. Mchungaji akasema polepole, "Mzee, endelea."

"Siendelei," mzee akasema. Hakupaza sauti, lakini kanisa zima lilisikia. "Mchungaji, mimi ndiye niliyeiba. Mwizi anabeba sinia na aliyeibiwa ananyimwa? Huyu mama hakunikosea mimi, na kanisa hili hakulikosea. Asipokunywa yeye, sinia hii itarudi ilikotoka, na mimi nitaketi naye hapa."

Wimbo ukaisha mara ya pili na safari hii hakuna aliyeuanza. Mchungaji akainamisha kichwa mara moja kukubali, akifumba macho. Mama akachukua kikombe. Akanywa taratibu, akakirudisha kwenye sinia, akajifuta mdomo kwa ncha ya kitambaa, akamwambia mzee, "Sasa pita."